Mahindi ya Zambarau, Bati Lenye Kutu, Bwawa Lisilo na Samaki: Kutafuta Chanzo cha Tindikali Kigoma na Tabora

Kila msimu wa mvua unapoanza, malalamiko katika mikoa ya Kigoma na Tabora hufanana: majani ya mahindi yamegeuka rangi, maharage yamedumaa, bati lililoezekwa miaka michache iliyopita limeanza kutu, samaki wa bwawani wamekufa, na maji ya tangi yana ladha ya chuma. Kwa kuwa mvua ya tindikali hufundishwa shuleni, ni rahisi kuitwisha lawama zote hizo. Mwongozo huu unapitia dalili moja baada ya nyingine na kuonyesha namna ya kutambua chanzo, kwa sababu dawa ya udongo haiponyi paa, na mkulima anayelaumu mawingu ilhali tindikali imo ndani ya mfuko wake wa mbolea atapoteza misimu mingi bure. Msimamo wangu niuseme mapema: sehemu kubwa ya tindikali inayowaumiza wakulima wa mikoa hii inatoka ardhini na kwenye mbolea, na sehemu ya mvua ni ndogo. Hata hivyo ardhi hii, hasa ya Tabora, ni ya aina ambayo ingeumia upesi kama hewa yake ingechafuka, na kwa sababu hiyo kila mwenye uwezo wa kupima anapaswa kupima na kuweka kumbukumbu.

Kabla ya dalili yoyote: kipimo

Tindikali ni kitu ambacho kikiyeyuka katika maji hutoa ayoni za haidrojeni, na besi ni kitu kinachozimeza ayoni hizo. Besi inayoyeyuka katika maji huitwa alikali. Ukali wa tindikali au wa alikali hupimwa kwa pH, kipimo kilichobuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 14. Maji safi kabisa yako kwenye 7; chini ya hapo ni tindikali, juu yake ni alikali. Maji ya ndimu yako karibu na 2, asali karibu na 4, maji ya Ziwa Tanganyika karibu na 9, maji yaliyolowekwa majivu ya kuni hupita 10, na kostiki ya watengenezaji wa sabuni ya mawese hukaribia 14. Jambo ambalo wengi hulisahau wakishatoka darasani ni kwamba kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi: udongo wenye pH 4.5 una tindikali mara kumi zaidi ya wenye 5.5, na mara mia zaidi ya wenye 6.5. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye cheti cha maabara inaweza kutenganisha shamba linalolisha kaya na shamba linalorudisha mbegu tu.

Mvua isiyochafuliwa haifiki 7. Hewa ukaa iliyomo angani huyeyuka ndani ya matone na kutengeneza tindikali dhaifu, hivyo pH ya mvua safi huwa karibu na 5.6. Mvua ya tindikali ni ile iliyoshuka chini ya hapo, hasa kwa sababu salfa dioksidi na oksidi za naitrojeni zimegeuka kuwa tindikali ya salfuriki na tindikali ya naitriki. Mwanakemia Robert Angus Smith aliiandika habari hiyo kwa jina hilo mwaka 1872, akichunguza mvua iliyonyesha chini ya mabomba ya moshi ya Manchester na miji mingine ya viwanda Uingereza. Karne iliyofuata, maziwa mengi ya Sweden na Norway yalipoteza samaki kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe uliovuka mipaka, na mwaka 1979 nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini zilitia saini mkataba mjini Geneva wa kupunguza uchafuzi wa namna hiyo.

Kwa nini Sweden na Norway ziliumia kuliko nchi zilizotoa moshi mwingi zaidi? Sehemu kubwa ya nchi hizo imekaa juu ya matale (graniti) na miamba migumu ya aina hiyo, yenye udongo mwembamba usio na chokaa ya kuzima tindikali inayoingia. Mtu aliyesafiri kutoka Tabora kwenda Nzega ameiona miamba ya matale ikichomoza kando ya barabara, na ameona pia mchanga mwepesi unaotokana nayo. Udongo wa namna hiyo una akiba ndogo ya kalisi na magnesi. Ukiongezewa tindikali kidogo, pH yake huporomoka kwa haraka kuliko ya udongo wa mfinyanzi.

Kwa vipimo vya nyumbani, rozela iliyokaushwa inatosha kutenganisha tindikali na besi. Loweka kiganja kimoja cha maua katika kikombe cha maji ya moto kwa robo saa, chuja, kisha gawa maji hayo mekundu katika bilauri nyeupe. Ukidondosha ndimu, wekundu unang'aa zaidi. Ukidondosha maji ya majivu yaliyochujwa, rangi huhamia kwenye zambarau chafu kisha kijani, na alikali ikiwa kali sana hugeuka manjano. Njia hii ni nzuri kwa maji ya tangi, maji ya majivu na kitu kisichojulikana kilichomwagika. Haiwezi kutofautisha mvua ya 5.6 na ya 4.8, na anayedai kuwa amegundua mvua ya tindikali kwa rozela anajidanganya. Kwa mvua inahitajika mita ya pH iliyosahihishwa kwa vimiminika vya 4 na 7, na isomwe kwa subira, maana maji ya mvua yana chumvi chache mno na sindano huchukua muda kutulia.

Dalili ya kwanza: mvua yenyewe imepimwa chini ya 5.6

Chunguza kwanza namna ilivyokingwa. Maji yaliyopita juu ya paa, chini ya mwembe au kwenye ndoo iliyowahi kushika siki au sabuni hayasemi lolote kuhusu mawingu. Osha chombo cha plastiki kwa maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke wake, kiweke uwanjani juu ya meza, mbali na miti na jiko, na ukifunue mvua inapoanza tu. Ukikiacha wazi tangu asubuhi, vumbi na majivu vitaingia na kupandisha pH. Pima siku hiyo hiyo, kwa sababu vijidudu hula tindikali za kikaboni zilizomo ndani ya maji hayo na kesho yake utasoma namba nyingine.

Kama kipimo ni cha kuaminika na bado kiko chini, tazama ni mvua ya wakati gani. Kati ya Juni na Oktoba nyika za Tabora na Kigoma huungua: wawindaji, wachungaji, warina asali wasio waangalifu na wakulima wanaosafisha mashamba huacha moto nyuma yao. Moshi huo hubeba oksidi za naitrojeni pamoja na tindikali za kikaboni kama ya fomiki na ya asetiki, na miti hai pia hutoa mvuke unaogeuka kuwa tindikali hizo. Wakati huo huo moshi una majivu na amonia, na upepo una vumbi, vyote vikiwa upande wa besi. Kwa hiyo mvua za kwanza za Novemba zinaweza kuangukia upande wowote, na kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu msimu. Tindikali za kikaboni zina nafuu moja: zikifika ardhini vijidudu huzila upesi, tofauti na ya salfuriki, ambayo salfeti yake hushuka na maji ikikokota kalisi na magnesi hadi mtoni.

Radi nayo huunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewa, na mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Chanzo hiki ni cha asili, na mimea hunufaika na naitrojeni yake.

Mabani ya kukaushia tumbaku hulaumiwa sana, na yanastahili lawama kwa ukataji wa miombo. Kwa upande wa mvua ya tindikali, kuni zina salfa kidogo sana zikilinganishwa na makaa ya mawe, hivyo kijiji chenye mabani mengi kitapata macho ya kuwasha na vifua vya kikohozi muda mrefu kabla hakijapata mvua ya salfuriki.

Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, karibu na Goma, ni chanzo kikubwa kweli cha salfa dioksidi. Nyiragongo ililipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na wakazi wa upande unakoelekea moshi wake wamekuwa wakiharibikiwa mazao na maji ya paa. Moshi huo mara nyingi husukumwa na upepo kuelekea magharibi, na mji wa Kigoma uko zaidi ya kilomita 300 kusini. Mtu wa Kakonko au Kibondo akipima mvua yenye pH ya chini katika siku ambazo volkano imechachamaa, atakuwa na sababu ya kufuatilia upepo ulielekea wapi. Nje ya hapo, atafute chanzo cha karibu.

Dalili ya pili: mahindi ya zambarau, maharage ya manjano, karanga zenye maganda matupu

Hapa ndipo penye kilio kikubwa, na ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe.

Anza kwa kung'oa mmea. Chimba taratibu kwa jembe la mkono, usivute, halafu osha mizizi kwenye ndoo. Mahindi yaliyoumizwa na udongo wenye tindikali huwa na mizizi mifupi, minene, ya rangi ya kahawia kwenye ncha, isiyo na vile vinywele vyembamba vya kunyonya. Chanzo chake ni alumini. Udongo wetu mwekundu una alumini nyingi ambayo haimdhuru mtu ikiwa imefungwa ndani ya chembe za mfinyanzi, ila pH ikishuka chini ya 5.5 huanza kuyeyuka, na ncha ya mzizi huwa ya kwanza kufa. Fosforasi nayo hukamatwa na alumini na chuma, mmea ukabaki na njaa huku mbolea ya kupandia iko pale pale kwenye shimo. Hiyo ndiyo inayoleta zambarau kwenye kingo za majani ya chini yaliyotangulia kuota. Tahadhari moja: mahindi machanga ya Buhigwe na milima ya Kasulu hugeuka zambarau pia kwa baridi ya usiku, na rangi hiyo hutoweka yenyewe siku zikipata joto. Zambarau inayodumu ikiambatana na mizizi mibovu ndiyo ya kuitilia shaka.

Kwa maharage, pasua vinundu vilivyo kwenye mizizi. Kinundu kizima kikipasuliwa huwa na wekundu wa damu ndani. Kikiwa cheupe, cha kijani au hakipo kabisa, bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewa wameshindwa kufanya kazi, na uchachu wa udongo ni mojawapo ya sababu kuu. Lakini majani ya manjano yenye mabaka ya kijani kibichi na yaliyokunjamana ni dalili ya virusi, na shina lililovimba na kupasuka karibu na ardhi ni kazi ya funza wa inzi wa maharage. Chokaa haisaidii lolote kwa hayo mawili. Karanga za Urambo na Kaliua zenye maganda makubwa yasiyo na punje zinalalamikia ukosefu wa kalisi katika udongo wa juu, kwa sababu ganda la karanga hunyonya kalisi moja kwa moja kutoka kwenye udongo linamokomaa.

Kuna dalili nyingine ambayo haihitaji maabara, nami naithamini kuliko zote. Simama kwenye ukingo wa shamba mahindi yakiwa yamefika magotini, uangalie kama yapo mabaka ya kijani kilichokolea katikati ya manjano. Mara nyingi utakuta baka liko mahali palipokuwa na kichuguu kilichosawazishwa, tanuri la mkaa la zamani, au zizi. Udongo wa kichuguu katika miombo huwa na kalisi nyingi kuliko udongo unaouzunguka, na tanuri la mkaa liliacha majivu. Mvua iliyonyesha juu ya baka hilo ni ile ile iliyonyesha juu ya mahindi ya manjano hatua tatu pembeni. Ukiona hivyo, tatizo liko ardhini.

Limefikaje huko? Njia ya kwanza ni ya asili: mvua za miaka maelfu zimesafisha kalisi, magnesi na potasi kutoka kwenye udongo wa juu, hasa katika nyanda za juu za Kigoma zenye mvua nyingi na katika mchanga wa Tabora usioshika kitu. Njia ya pili ni mavuno, kwa kuwa kila gunia linalotoka shambani limebeba besi, na tumbaku huondoka na potasi nyingi mno. Njia ya tatu ni mbolea. Naitrojeni iliyo katika umbo la amonia hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti, na katika mageuzi hayo ayoni za haidrojeni huachwa kwenye udongo. SA (salfeti ya amonia) ndiyo inayochachusha zaidi kwa kila kilo ya naitrojeni; urea na DAP (fosfeti ya amonia) huchachusha pia ingawa kwa kiasi kidogo zaidi; CAN (naitreti ya amonia na kalisi) huchachusha kwa uchache kwa sababu ina chokaa ndani yake. Mkulima aliyekuzia kwa SA kwenye mchanga ule ule kwa miaka mingi, akafyeka na kuchoma mabua kila mwaka, amejitengenezea mwenyewe kile ambacho mabomba ya moshi yaliwatengenezea watu wa Norway. Silisemi hili kumshutumu. Mfuko wa mbolea hauna onyo, na mara nyingi hakuna aliyemweleza.

Thibitisha kwa kupima. Chukua udongo hadi kina cha sentimita 20 katika sehemu zisizopungua kumi ukipita shamba kwa zigizagi, epuka vichuguu, mazizi na sehemu za majivu, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo. Afisa ugani wa kata ataelekeza pa kupeleka; vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), yaani TARI Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, na TARI Kihinga mkoani Kigoma navyo ni mahali pa kuulizia. Kama pH iko juu ya 5.5, acha habari ya chokaa utafute sababu nyingine.

Ikiwa iko chini, dawa ni chokaa ya kilimo au dolomiti, na dolomiti inafaa zaidi pale ambapo magnesi pia imepungua. Isambazwe na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, tena unyevu ukiwepo, maana chokaa kavu juu ya udongo mkavu haifanyi kazi yoyote. Kiasi kinategemea udongo: mfinyanzi mwekundu wa Buhigwe utadai chokaa nyingi zaidi kuliko mchanga wa Sikonge wenye pH ile ile, na mchanga ukizidishiwa hupoteza zinki na manganizi kwa mmea. Usiichanganye chokaa na urea au SA siku moja, kwa kuwa amonia itapaa na pua yako itakuambia fedha yako inakwenda wapi. Jasi hupeleka kalisi kwenye karanga na husaidia sana maganda matupu, lakini haipandishi pH, hivyo isinunuliwe kwa matumaini hayo.

Majivu ya bani na ya jikoni ni besi nzuri iliyopo karibu, yenye kabonati za kalisi na potasi. Nguvu yake kwa uzito ni ndogo kuliko ya chokaa na hubadilika kulingana na kuni, hivyo yanatosha bustani, vitalu na mashimo ya kupandia, kwa kusambazwa kidogo kidogo, yasigusane na mbegu. Majivu yaliyochanganyika na plastiki, betri au mbao za rangi yasipelekwe shambani kabisa. Asiyeweza kununua chokaa msimu huu abadili mbolea ya kukuzia aende kwenye CAN, aache kuchoma mabua, arudishe samadi, na alime muhogo kwenye kipande kibaya zaidi, kwa sababu muhogo huvumilia uchachu ambao maharage hayauwezi.

Dalili ya tatu: mimea ni manjano, lakini udongo ni mweusi na una weupe juu

Huyu ni ndugu wa kinyume. Katika mbuga za Igunga, kuelekea bonde la Wembere, udongo mzito mweusi unaweza kuwa na pH iliyopita 8, na mmea ukawa manjano kati ya mishipa ya majani machanga kwa kukosa chuma. Tafuta vijiwe vyeupe ndani ya udongo na uvidondoshee siki: vikitoa mapovu ni kabonati, na kumwaga chokaa hapo ni kuongeza tatizo. Hapa SA inayochukiwa kwenye mchanga inakuwa mbolea inayofaa, na mpunga unastawi kwa sababu udongo uliofunikwa na maji husogea wenyewe kuelekea 7, uwe ulianza na tindikali au na alikali.

Dalili ya nne: bati lina kutu, maji ya tangi yana ladha au utelezi

Bati hulindwa na tabaka la zinki, ambalo huliwa na tindikali na pia na alikali kali. Angalia kutu imekaa wapi. Ikiwa imezunguka misumari na kingo zilizokatwa, ni ufundi. Ikiwa iko juu ya jiko la kuni, ni moshi na masizi yanayoshika unyevu. Ikiwa imefuata mistari ambako majani ya mwembe yamelundikana, ni tindikali za majani yanayooza. Madoa yaliyo chini ya ukuta uliopigwa lipu yanatokana na saruji iliyorukia bati ikiwa mbichi. Uvinza, ambako chumvi imetengenezwa kwa vizazi kutokana na maji ya chemchemi, mabati huisha upesi kwa sababu ya chumvi, na chumvi ya kula haina tindikali wala besi ndani yake. Inaharakisha kutu kwa njia ya umeme mdogo unaopita kwenye unyevu. Hewa yenyewe itashukiwa pale tu ambapo mabati ya geji moja na umri mmoja yameisha kwa usawa katika kijiji kizima, pande zote za mapaa.

Ladha ya chuma katika maji ya mvua hutokana na zinki iliyoyeyuka, hasa kwenye bati jipya au lililochakaa, kwa kuwa maji ya mvua hayana chumvi za kuyatuliza na hula metali hata pasipo uchafuzi wowote. Acha maji ya mwanzo ya kila mvua yapite nje kabla ya kuyaelekeza tangini. Maji yenye utelezi na yanayogoma kutoa povu la sabuni vizuri ndani ya tangi jipya la saruji ni ya alikali iliyotoka kwenye saruji; rozela itageuka kijani. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia hadi rozela ibaki bila kubadilika.

Kuta zinazomenyuka chini, futi mbili tatu kutoka ardhini, zikiwa na unga mweupe, zinanyonya unyevu na chumvi kutoka msingini. Mvua ya tindikali ingeanzia juu.

Dalili ya tano: samaki wanakufa au hawakui

Kwa Ziwa Tanganyika jibu ni fupi. Maji yenye pH karibu na 9, yaliyojaa bikabonati na yenye kina cha hadi mita 1,470 hivi, hayawezi kutikiswa na mvua ya mikoa hii. Kupungua kwa dagaa na migebuka kutafutwe kwenye uvuvi uliopita kiasi na kwenye joto linaloyazuia maji ya chini yenye virutubisho kuchanganyika na ya juu.

Bwawa la kuchimba ni habari nyingine kabisa, maana lina maji kidogo na limekaa juu ya udongo ule ule wenye uchachu. Sato na perege hustawi kati ya 6.5 na 9. Pima mara mbili, alfajiri na saa tisa alasiri, kwa sababu mwani hutumia hewa ukaa mchana na kuipandisha pH, na usiku hali hugeuka. Samaki wanaohema juu ya maji alfajiri na kupata nafuu jua likipanda wamekosa oksijeni, kwa hiyo punguza samadi na chakula. Samaki wenye ute mwingi kwenye matamvua, wanaokufa mara baada ya mvua kubwa ya kwanza kuingiza maji ya mlimani, wamepata tindikali pamoja na alumini. Bwawa linalobaki angavu kama kioo hata baada ya kuwekewa samadi nalo linaashiria uchachu, kwani mwani haupati fosforasi. Likauke, sakafu imwagiwe chokaa ya kilimo, lijazwe polepole, na mfereji uchimbwe kulizunguka ili maji ya mtiririko yasiingie ovyo. Usimwage chokaa hai (chokaa iliyochomwa) ndani ya bwawa lenye samaki.

Kijito chenye matope ya rangi ya chungwa chini ya mashimo ya dhahabu, kama yaliyoko Nzega, kinahitaji kipimo siku hiyo hiyo. Jiwe lenye chuma na salfa, linalong'aa kama dhahabu, likikutana na hewa na maji hutoa tindikali ya salfuriki na kuacha kutu ya chungwa. Ikiwa pH iko karibu na 7, rangi hiyo huenda ni chuma cha kawaida cha chemchemi. Ikiwa iko chini ya 5, mifugo iondolewe na halmashauri ya kijiji itaarifiwe, kwa sababu tindikali hiyo huyeyusha pia metali nyingine zenye sumu.

Dalili ya sita: kipande kidogo cha ardhi kimekufa ghafla

Mahali ambapo nyasi zimeungua kwa mduara na hakuna kinachoota, uliza kama kuna betri ya gari au ya sola iliyomwagwa. Maji ya betri ni tindikali ya salfuriki yenye nguvu ya kutoboa nguo na kupofusha jicho. Yakimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20 huku akipelekwa zahanati. Asipakwe majivu wala magadi mwilini. Anayelazimika kuizimua aimimine tindikali ndani ya maji taratibu, kamwe asimimine maji ndani ya tindikali, kwa sababu joto lake huirusha usoni. Ardhini inaweza kuzimwa kwa majivu au chokaa hadi mapovu yakome, na pH itarudi. Risasi iliyotoka ndani ya betri haiondolewi na majivu wala chokaa, nayo hubaki pale pale. Sehemu hiyo isipandwe mchicha wala matembele, watoto na kuku wasichezee hapo, na udongo wake usizolewe kwenda kujaza bustani.